Nani Atatumia Kompyuta Hii?

Laptop ya Mwalimu Esteri Niyubahwe iliharibikia nyumbani kwa mama yake, kule Titye, mwishoni mwa likizo. Haikuanguka wala haikumwagiwa maji. Ilianza tu kulia tumboni, tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati, kisha ikabaki na kioo cheusi chenye maneno meupe yaliyosema haioni diski yoyote. Esteri alikuwa akifundisha Historia katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa mji wa Kibondo, na masomo yake yote ya muhula uliofuata yalikuwa humo. Kwa bahati alikuwa ameyanakili kwenye flashi, kwa hiyo hakulia. Alifunga mkoba, akapanda bodaboda mpaka Kasulu mjini, akaulizia fundi wa kompyuta. Wakamwelekeza kwa Dadi.

Dadi alikuwa kijana mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja upande wa juu wa stendi, meza ndefu imejaa laptop zilizofunuliwa matumbo. Aliitegea sikio ile ya Esteri, akatikisa kichwa.

"Diski imekufa hii, mama. Nakuwekea mpya, napiga Windows, kesho unakuja kuchukua ikiwa freshi kabisa. Naandika jina gani?"

"Esteri Niyubahwe. Mwalimu Esteri."

Kabla fundi hajashika kalamu, simu ya Esteri ikaita. Alikuwa mama yake, Apoline, akitaka kujua kama ameshafika. "Ego, mawe," Esteri akajibu. "Ndaje." Ndiyo, mama, nakuja. Alipokata simu alimkuta Dadi anamtazama kwa jicho la kupima.

"Nilidhani Kiha, kumbe Kirundi hicho, mama."

"Ndiyo. Ni Kirundi."

"Kumbe," Dadi akasema, akageukia bisibisi zake.

Esteri hakuitilia maanani ile kumbe. Alikuwa ameshasikia kumbe nyingi maishani. Baba yake alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa kijana, akalima mashamba ya watu mpaka akapata lake, akaoa, akazaa, na miaka mingi baadaye familia nzima ikapewa uraia wa Tanzania. Esteri mwenyewe alizaliwa Titye, akasoma Titye, akafundishwa ualimu na nchi hii, na sasa aliwafundisha watoto wa nchi hii habari za nchi hii. Kumbe ya fundi haikuweza kumpunguzia kitu.

Kesho yake alipofika, laptop ilikuwa inawaka vizuri. Dadi alimwonyesha diski mpya ilivyo nyepesi, akafungua faili moja, akafunga, akamkabidhi. Gari la Kibondo lilikuwa linapiga honi. Esteri alishukuru, akaondoka. Alifika usiku, akalala. Shule ilifunguliwa asubuhi iliyofuata.

Kidato cha tatu walikuwa wamekaa ukumbini, maana huko ndiko kulikokuwa na projekta. Esteri aliunganisha waya, akawasha mashine mbele yao, akageuka kuandika tarehe ubaoni. Nyuma yake mmoja akacheka kwa pua. Kisha ukumbi mzima.

Akageuka. Ukutani palikuwa na duara lenye kivuli cha kichwa cha mtu, na chini yake, kwa herufi zenye urefu wa mkono, jina la mwenye kompyuta: MKIMBIZI.

Hakuelewa mara moja. Alidhani ni tangazo fulani. Kisha akaelewa. Aliyatazama madawati. Wengi walikuwa wanacheka jinsi watoto wanavyocheka, bila kujua wanachekea nini. Lakini wachache hawakucheka. Alimwona Ndayikunda, binti mtulivu wa mstari wa mbele, ameinamia daftari lake kana kwamba jina lile limeandikwa kwenye paji la uso wake. Aliwaona na wengine wawili watatu, watoto wa majina ya namna hiyohiyo, wametulia tuli. Kicheko Esteri angekivumilia. Kutulia kule ndiko kulikomchoma.

Alifundisha kipindi chote kama kawaida. Ila mpaka wakati wa chai, shule nzima ilikuwa imeshapata jina jipya la kumwita mwalimu wa Historia. Alilisikia nyuma ya jengo la maabara: "Madam Mkimbizi anakuja, ficheni simu!"

Aliipeleka laptop kwa Zaitun, mwalimu mwenzake aliyefundisha kompyuta. Zaitun alisikiliza, akafyonya.

"Huyo fundi hana adabu. Ngoja." Akabofya hapa na pale, na lile jina likatoka, jina la Esteri likakaa mahali pake. Esteri alianza kushusha pumzi, lakini Zaitun hakuwa amemaliza. Alifungua sehemu ya ndani, palipopangwa mafaili yote, akaonyesha kwa kidole. "Tatizo liko hapa, dada. Jina la mlangoni nimebadilisha, la ndani halibadiliki kirahisi. Wakati wa kupiga Windows, mashine huuliza nani atakayeitumia, halafu inamjengea nyumba kwa jina hilo. Yeye alijibu Mkimbizi. Kwa hiyo kila utakachohifadhi, ukifuata njia yake, utakuta kimelala ndani ya nyumba ya Mkimbizi."

"Na hii ni nini?" Esteri aliuliza. Pembeni palikuwa pameandikwa nchi ya mtumiaji.

Zaitun akasoma, akacheka bila kupenda. "Marekani. Hakujisumbua hata kuchagua nchi. Kaacha ilivyokuja."

"Yaani mashine iko Marekani, na mimi mwenyewe ni mkimbizi."

"Ndivyo alivyokuandikisha. Dada, mimi naweza kukufungulia akaunti nyingine, au nikaipiga upya yote hapahapa. Kazi ndogo."

Esteri aliifunga laptop taratibu. "Asante, mdogo wangu. Ningekuwa nataka kompyuta tu, ningekuachia. Lakini aliyeandika ndiye atakayefuta. Na atafuta mimi nikimwangalia."

Jumamosi akapanda gari la kwanza la kwenda Kasulu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yalizidi kuwa makali. Mbona alimwambia jina lake? Alimwambia mara mbili! Kama alisahau, mbona hakupiga simu? Na kama alisahau na simu hakupiga, kwa nini kati ya maneno yote yaliyomo katika Kiswahili akachagua hilo?

Alimkuta Dadi anakula chapati juu ya meza ya kazi. Kwenye benchi la wateja alikuwepo mwanamume mmoja wa makamo, amevaa koti lililopigwa pasi, mkoba wa turubai magotini, anasubiri.

"Karibu, mama! Mashine inasumbua?"

Esteri hakujibu salamu. Aliiweka laptop mezani, akaifungua mpaka pale penye njia ya mafaili, akaigeuza imwelekee fundi. "Soma hapo."

Dadi akasoma. Akatabasamu. "Aa, hilo? Mama, usimaindi. Hilo ni la kutofautishia tu. Kompyuta inauliza jina, mimi nina mashine kumi mezani, naandika chochote ili nijue ya nani. Ona." Akamwonyesha laptop nyingine, kila moja ikiwa na kipande cha karatasi ya gundi kilichoandikwa, kwenye kifuniko. Dokta. Mchungaji. Bibi Kilimo. Dada wa Benki.

Esteri alizitazama moja baada ya nyingine. Hasira iliyokuwa inachemka ikatulia ghafla, ikawa ngumu kama jiwe.

"Dokta ni kazi," akasema. "Mchungaji ni kazi. Huyu ni wa kilimo, huyu ni wa benki. Mimi nilikwambia mimi ni mwalimu. Mbona hukuandika Mwalimu?"

Dadi akaacha kutafuna.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Wenzangu wote umewaita kwa wanachokifanya. Mimi umeniita kwa simu niliyopigiwa na mama yangu."

"Mama, ulikuwa utani. Hakuna mtu angeona."

"Wameona wanafunzi wangu! Limetokea ukutani, kubwa kama mlango! Shule nzima inaniita hivyo!" Sasa sauti ilikuwa imepanda, na mama muuza ndizi aliyekuwa nje akachungulia. "Mimi nimezaliwa Titye! Kitovu changu kimezikwa Titye! Mimi ni Mtanzania, nafundisha watoto wa Watanzania! Mimi si mkimbizi! Mkimbizi ni..."

"Malizia, mama."

Ilikuwa sauti ya yule mwanamume wa kwenye benchi. Hakuwa ameiinua. Esteri akageuka.

"Pardon, minaingilia maneno yako," mwanamume akasema, kwa Kiswahili cha upande wa pili wa ziwa. "Lakini malizia. Mkimbizi iko nini? Miye minatoka Nyarugusu, kule kambini. Batoto bangu bote banazaliwa kule. Leo bananipa kibali ya kuleta mashine ya ofisi kwa fundi. Minasikiliza tu."

Esteri alijua neno alilotaka kumalizia nalo lilikuwa baya. Hakuwa hata amelichagua, lilikuwa linakuja lenyewe.

"Minataka kujua moja tu," mtu yule akaendelea. "Kama hii kompyuta ingekuwa yangu, huyu kijana angekuwa ameandika muzuri?"

Dadi aliangalia chapati yake. Esteri alimtazama yule mtu, koti lake, viatu vyake vilivyong'arishwa kwa safari ya siku moja, na akaona aibu ambayo haikuizima hasira yake hata kidogo, ila iliigeuza mahali ilipokuwa inaelekea.

"Hapana, baba," akasema. "Angekuwa amekosea vilevile. Unaitwa nani?"

"Floribert."

"Basi angepaswa kuandika Floribert." Akavuta pumzi. "Unisamehe. Nilikuwa natetea jina langu kwa kulikanyaga la kwako."

Floribert akainamisha kichwa kidogo. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. "Endelea, mama. Miye niko na wakati."

Esteri akamgeukia Dadi, na safari hii alizungumza polepole, kama anavyozungumza na mwanafunzi aliyenakili mtihani. "Nilikuja nikidhani kosa lako ni kuniita nisivyo. Si hilo. Ulinikuta nina jina, nikakupa, ukalitupa, ukaniwekea la kwako. Sasa utaifuta hii mashine yote, upige Windows upya. Utaifanya sasa hivi, na mimi nimekaa hapa."

"Mama, leo nina kazi nyingi. Na tukiifuta, vitu vyako..."

"Vitu vyangu viko kwenye flashi. Futa."

"Inachukua muda."

"Nimetoka Kibondo. Usiniambie habari za muda."

Akavuta kiti, akakaa, akaupakata mkoba wake. Nje mama wa ndizi alikuwa ameshawaita wenzake wawili. Dadi aliangalia mlango, akaangalia benchi, akafuta mikono kwenye suruali. Alichomeka flashi yake ya kazi, akaizima mashine na kuiwasha tena huku anapigapiga kitufe kimoja cha juu, mpaka kioo kikawa cha buluu.

"Unafanya nini hapo? Sema, nisikie."

"Naiambia isome flashi kwanza, isisome diski." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hapa inauliza lugha... Hapa tunakubali masharti... Hapa inaonyesha diski ilivyogawanywa vyumba. Nikivifuta hivi, ndiyo basi, kilichokuwemo hakirudi."

"Na lile jina limo humo?"

"Limo."

"Futa."

Akafuta chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Diski ikabaki uwanja mtupu. Kisha namba zikaanza kupanda, asilimia kwa asilimia, na hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Kungoja huko kulikuwa kugumu kwa Dadi kuliko ugomvi. Alijaribu kushika bisibisi, akaiacha. Mashine ilizima yenyewe, ikawaka, ikazima tena.

Ndipo Esteri akamwuliza, "Wewe ni Muha?"

"Ndiyo. Wa Muyama."

"Basi lugha yako na yangu ni kama ndugu wa tumbo moja. Jina langu ni Niyubahwe. Maana yake nini?"

Dadi alijikuna shingo. Alijua, bila shaka alijua, mtoto mdogo wa Muyama angejua.

"Sema."

"Aheshimiwe," akasema kwa sauti ya chini.

"Baba yangu alinipa jina hilo kumtukuza Mungu, si mimi. Alikuwa amelala porini na maiti za ndugu zake ziko nyuma, akavuka, akaishi, na mtoto alipozaliwa akasema, Mungu aheshimiwe. Hilo ndilo ulilokataa kuliandika."

Floribert, pale kwenye benchi, alisema neno moja tu, "Ndiyo," kama mtu aliye kanisani.

Mashine ikawaka kwa mara ya mwisho, ikaanza maswali yake. Uko nchi gani? Kishale kilikuwa kimesimama Marekani. Dadi alipotaka kubofya kupita, mkono wa Esteri ulikuwa umeshafika. Alishuka nao orodha yote ya mataifa, taratibu, akapita nchi ambazo hatazifikia kamwe, mpaka Tanzania, akabofya mwenyewe. Likaja swali la kibodi. Likaja la mtandao, Dadi akamwonyesha pa kuliruka. Kisha kioo kikauliza: Nani atatumia kompyuta hii?

Dadi akasogeza kiti chake nyuma bila kuambiwa.

Esteri aliandika kwa vidole viwili, herufi moja moja. Esteri Niyubahwe. Akaisoma, akairudia kuisoma, akabofya.

Ilipomaliza, Dadi alitaka kuifunga. "Tayari, mama."

"Haijawa tayari. Sauti iko wapi? Kabla ya leo ilikuwa na sauti." Alikuwa ameona ile alama ndogo ya msalaba pembeni. Dadi hakubisha. Alitafuta kiendeshi cha sauti, akakiweka, akakiweka na cha projekta, akajaribu vyote viwili mbele yake. Kisha akasimama, mikono nyuma.

"Samahani, mwalimu, kama umekwazika."

"Toa hiyo kama."

"Eeh?"

"Hakuna kama. Nimekwazika, umeniona nimekwazika. Toa hiyo kama, useme tena."

Kijana alishusha mikono. "Samahani, mwalimu. Nimekukosea."

"Na mteja wako anangoja," Esteri akasema. "Mwulize jina."

Hakukaa kusikia. Alimpa Floribert mkono, wakashikana kwa mikono miwili, akatoka.

Kabla ya kurudi Kibondo alipita Titye. Mama yake alikuwa uani anachambua maharage. Esteri alimsimulia yote, kwa kasi, akitegemea angalau kicheko. Apoline hakucheka. Alisimamisha ungo.

"Umegombana na watu mjini? Mbele ya watu?"

"Nimedai haki yangu, mawe."

"Hawakukuuliza karatasi?"

Esteri alimtazama mama yake, mwanamke mwenye kitambulisho cha uraia, aliyepiga kura, aliyezika mume katika ardhi hii, bado anaogopa kuulizwa karatasi kwa sababu binti yake amepaza sauti kwa fundi wa kompyuta. Hasira aliyodhani ameimaliza Kasulu ikamrudia yote, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumdai.

"Hakuna aliyeniuliza, mama. Wala hawana ruhusa ya kuniuliza."

"Baba yako walimwita mabaya kuliko hilo, akanyamaza."

"Najua alinyamaza."

"Kunyamaza kwake ndiko kulikokulisha, mwananje. Usikudharau."

"Sikudharau, mawe. Lakini mimi nimeshashiba."

Mama akarudia kupepeta maharage. Esteri alipoinuka kuondoka, mama alimfungia mfuko wa maharage, akamwambia angojee gari palipo na watu wengi.

Jumatatu kidato cha tatu walikuwa ukumbini tena. Esteri hakuificha mashine. Aliunganisha waya, akawasha, akasimama pembeni ya ukuta akiwatazama wao, si ukuta. Duara likatokea, na kivuli cha kichwa, na chini yake jina lake lote. Huko nyuma mvulana mmoja alicheka kwa mazoea. Hakuna aliyemfuata. Esteri alimngoja mpaka amalize, na kumngoja huko kukawa kurefu, mpaka mvulana mwenyewe akashusha macho.

"Wiki iliyopita mliona neno hapo, mkacheka," akasema. "Baba yangu alikuwa mkimbizi. Alikimbia kwa sababu waliobaki walikufa. Mimi sikukimbia, nilizaliwa hapa. Yeye hakuwa kichekesho, na mimi si kichekesho, na mtu yeyote humu ndani ambaye babu yake alivuka mto usiku si kichekesho. Mwenye la kunicheka, anicheke nikifundisha vibaya."

Ndayikunda alikuwa ameinua uso, anatazama ukutani. Esteri hakumtazama sana, asije akamtia aibu.

"Haya. Fungueni madaftari."